Paka wa Chumba cha Mvuke

12 Februari, Jumatatu ya Karnivali

Mji mzima unarushiana maji na unga, na mimi niko karakanani nasugua uchafu wa paka kwenye kofia. Kofia kumi na moja, zote za msuko mwembamba, zile ambazo mwanamke msukaji wa mji mdogo wa Sígsig hukaa nazo miezi miwili mikononi. Zilikuwa kwenye rundo la nyuma ambalo sikuligusa tangu Krismasi. Paka wa dada yangu Obdulia aliona pale ndiyo wodi ya wazazi.

Watoto watatu walishakufa. Wa nne yu hai kwa ubishi tu. Macho yote mawili yamegandishwa na tongotongo, pua imeziba, anapumua kwa mdomo. Nilimpima kwenye mizani ya kupimia unyasi wa kofia: gramu mia tatu na themanini. Rundo la kofia sita lina uzito kumpita.

Saa sita mchana, mvua ya usiku ikiwa imekwisha, beseni la maji likamwagwa kutoka ghorofani, moja kwa moja uani, nilikoanika kofia za jana. Obdulia huyo. Sisi hatusemezani tangu mazishi ya mama, mwaka wa tatu huu, kwa hiyo nilimwambia Leonidas, fundi wangu wa mvuke, naye alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka ngazini.

"Mwambie dada yangu Karnivali inachezwa barabarani."

"Bi Obdulia," Leonidas akapaza sauti, "Karnivali inachezwa barabarani."

"Mwambie mdogo wangu," sauti ikashuka, "maji hayana kalenda."

Jeuri ya namna hiyo.

13 Februari

Nimekula supu ya mote, yale mahindi meupe ya kuchemsha, peke yangu. Leonidas alimtazama yule paka kwenye kisanduku, mweupe, mdogo, amevimba uso, akasema ni punje ya mote iliyochemka ikapasuka. Nikamwambia asimpe jina kitu ambacho hakitafika Jumapili.

14 Februari, Jumatano ya Majivu

Hajafa. Nikampeleka kwa daktari wa wanyama, binti mmoja aitwaye Ximena, mwenye kliniki ya chumba kimoja nyuma ya soko la maua. Alimwangalia kidogo tu.

"Ni herpesi, Bi Delfina."

Nilirudisha mkono wangu mfukoni.

"Ya paka," akasema huku anacheka. "Ya watu ni nyingine kabisa. Huyu hawezi kukuambukiza wewe, wala wewe huwezi kumwambukiza yeye. Kaupata kwa mama yake."

Nikauliza anapona lini, maana mimi ni mtu wa kazi, nataka kujua mzigo unatoka lini. Akasema hautoki. Ugonjwa huu ukishaingia unakaa maisha yote. Ukitunza vizuri unalala. Paka akipata baridi, au hofu, au akibughudhiwa, unaamka. Kwa sasa kuna mambo mawili ya kuogopa: asipoweza kunusa hatakula, na asipokula anakufa. Na macho. Virusi hivi hula kioo cha jicho.

Nimepewa vidonge vya kusaga, marhamu ya macho, na maagizo: kumsafisha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, chakula chenye harufu kali, joto, mvuke wa kuzibua pua, na utulivu.

Utulivu sina wa kumpa. Mvuke ninao mwingi kuliko hospitali ya mkoa.

Jioni nilimwambia Leonidas jina la ugonjwa. Akapiga ishara ya msalaba.

"Bosi, jina hilo nalijua. Mjomba wangu alikuwa nalo, mkewe akamfukuza."

"Huyu ni paka, Leonidas."

"Na mjomba naye alisingizia paka."

Nimeamua hivi, na ninaandika ili nisijidanganye baadaye: namtunza mpaka mvua ziishe. Mvua zikiisha akiwa bado mgonjwa, anatoka. Karakana ya kofia nyeupe haifugi kitu kinachopiga chafya.

17 Februari

Mvua. Namweka chumba cha mvuke, kwenye rafu iliyo mbali na boila, asubuhi tunapoanza kukandamiza kofia kwenye maumbo ya mbao. Baada ya muda pua inafunguka, kamasi zinashuka, nafuta. Ndipo namsogezea dagaa. Leo alilamba.

18 Februari

Mvua. Gramu mia tatu na hamsini. Amepungua.

21 Februari

Mvua ya usiku, na asubuhi beseni kutoka juu. Kofia nne zimelowa upande mmoja.

24 Februari

Mia tatu na tisini! Jicho la kulia limefunguka. Lina rangi ya maji ya mto. Alinitazama kwa hasira, nami nikamheshimu kwa hilo.

2 Machi

Mote anakula. Ndiyo, nimeandika Mote. Leonidas amemwita hivyo mbele yangu kila siku hata jina limenata.

Nimeona niandike habari za Obdulia, kwa sababu mvua inanifungia ndani naye hata kama yuko juu nami niko chini.

Mama aliigawa nyumba vizuri. Chini na ua ni mimi, kwa sababu karakana niliijenga mwenyewe, kuanzia siku nilipokuwa nabeba kofia za watu wengine mgongoni. Juu na paa ni Obdulia. Chumba cha mama, kile cha katikati, nyuma ya ngazi, chenye kuta nene zisizopitisha hata sauti ya kengele, hakikuandikwa jina. Siku mama alipokata roho nilikuwa bandarini Guayaquil napeleka mzigo. Nilifika jeneza limeshafungwa. Obdulia alinisubiri mlangoni, mbele ya majirani wote, akaniuliza, "Kofia zimekauka?"

Basi. Hakuongeza neno. Kofia hizo ndizo zilizonunua jeneza, lakini hilo hakuna aliyeuliza. Wiki iliyofuata akafunga chumba cha mama na ufunguo akaufunga kwenye kamba ya aproni. Nami kwa mwanasheria, tulipokuwa tunatia sahihi, nikamwambia, "Paa ni lako, na lisinihusu."

Kila jioni nasikia akishuka ngazi, nasikia kitasa kikizunguka. Anaingia kukaa na vitu vya mama. Mimi hata kijiko sikupewa.

9 Machi

Mia tano na ishirini. Ameanza kuiwinda mikia ya unyasi inayoning'inia kwenye kofia ambazo hazijakatwa ncha. Ameharibu moja. Nimempigia kelele, akakojoa.

15 Machi

Leo ni siku mbaya na nitaiandika yote.

Wiki nzima jua halijatoka. Kofia haziwezi kung'arishwa uani, na tajiri wa Guayaquil anataka mzigo wake mweupe kabla ya Juma Takatifu. Saa nane mchana nikamwambia Leonidas ajaze sanduku la salfa, ambalo moshi wake hung'arisha kofia, awashe, aende kwao mapema. Hiyo ni kazi ya kila wiki. Sanduku liko kwenye ukumbi mdogo, limepakana na chumba cha mvuke. Mpira wa mlango wake umepasuka, najua umepasuka, huwa tunafungua dirisha basi. Nikatoka kwenda posta.

Mote alikuwa kwenye rafu yake. Na dirisha lilikuwa limefungwa, kwa sababu asubuhi nililifunga mwenyewe asipigwe na baridi.

Niliporudi harufu ilinikuta barabarani. Milango yote ya karakana wazi, mvua inaingia. Obdulia ameketi kwenye ngazi ya uani, amelowa mpaka kwenye nywele, anakohoa, na ndani ya shali yake kuna kitu cheupe kinachotetemeka. Leonidas naye, aliyesikia kelele zake akiwa barabarani, alikuwa amesharudi mbio, koti limegeuzwa ndani nje.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Mwambie dada yangu nani alimpa ruhusa ya kuingia karakanani kwangu."

Leonidas alitazama chini. Obdulia akasema, bila kupaza sauti, "Mwambie mdogo wangu salfa haichagui. Inaua nondo, inaua na paka."

Akampa Leonidas ile shali pamoja na kilichomo, akapanda juu.

Nilimlaumu Leonidas kwa kutoangalia rafu. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Bosi, uliniambia niwashe nikawasha. Rafu ni ya kwako." Ni kweli. Mimi ndiye niliyeamuru, mimi niliyefunga dirisha. Mtu yeyote ambaye hafanyi kofia angepeleka paka mgonjwa jikoni. Mimi tu, kwa kuwa nilijivunia mvuke wangu, nilimlaza jirani na moshi unaochoma pua za watu wazima.

16 Machi

Ximena ameweka rangi ya kijani kwenye jicho la kushoto na kunionyesha kwa tochi. Kuna kidonda katikati ya kioo, virusi vimeamka na moshi umevisaidia. Kikitoboka, jicho linatolewa. Kwa mwili ulivyochoka anaweza asiamke kwenye meza. Matone mapya, mara sita kwa siku, na asikose hata moja.

"Una mtu wa kukusaidia kumshika?"

Nikasema ninaye.

Leonidas alijaribu. Mikono yake inanuka salfa miaka thelathini, haitoki kwa sabuni yoyote. Mote aliponusa aligeuka nyembe. Tone likaingia kwenye sikio la Leonidas.

17 Machi

Obdulia alishuka mwenyewe. Akavuta kiti, akatandika ile shali mapajani, akaniangalia nikiwa na kichupa mkononi. Nikamkabidhi paka. Alimviringisha, akaachia kichwa tu, akakishika chini ya kidevu kwa vidole viwili. Mote akatulia kama amezaliwa hapo.

Tone moja. Hatukusemezana.

18 Machi

Mara sita ameshuka, mara sita amepanda. Hatukusemezana. Shali yake inanuka ukungu. Mwanamke mwenye ghorofa nzima hawezi kuanika shali?

20 Machi

Mvua. Matone. Mvua ilipokatika asubuhi, mabeseni matatu. Kwa mkono huo huo anaoshikia paka, anamwaga maji kwenye kofia zangu. Simwelewi.

23 Machi

Nilimwambia Leonidas amwambie kwamba ingekuwa rahisi akikaa na Mote juu, asipande na kushuka na kile kikohozi.

"Mwambie mdogo wangu juu hapafai," akasema.

"Hapafai kwa nini? Mwulize."

Leonidas akatutazama wote wawili. "Mabibi, mimi napiga mvuke kofia. Nikitaka kuwa simu nitaenda kuomba kazi posta."

Nusura Obdulia acheke. Niliona.

29 Machi, Ijumaa Kuu

Nimepika fanesca, supu ya Juma Takatifu, nafaka zote kumi na mbili, kuanzia kuloweka dengu mpaka kumenya maharage mapana ngozi moja moja. Nimempa Leonidas bakuli apeleke juu. Bakuli limerudi limeoshwa, ndani yake matunda mawili ya tini yaliyopikwa kwa sukari.

Kidonda hakijakua, anasema Ximena. Hakijapungua pia.

8 Aprili

Kimepungua! Nilimwomba Ximena anionyeshe mara mbili. Sitaki kuandika zaidi nisije nikajitia nuksi.

19 Aprili

Kilo moja na gramu sitini. Jicho halitatolewa. Limebaki na wingu jeupe katikati, ukubwa wa kichwa cha pini, na Ximena anasema litakaa hapo. Anaona pembeni yake.

Nilipompa Obdulia habari nilijisahau nikamwambia moja kwa moja, "Jicho limebaki." Naye akajibu moja kwa moja, "Nilijua." Kisha kila mmoja akashtuka, akashika njia yake.

Matone sasa ni mara mbili kwa siku. Nyumba imekuwa kimya katikati ya mchana.

4 Mei

Nimenunua mpira mpya wa sanduku la salfa. Leonidas ameutia. Anasema ameniomba mpira huo tangu enzi za Papa aliyepita.

11 Mei

Mvua zinapungua. Mote ana kilo moja na nusu, anakimbiza nondo, amelala ndani ya kofia ya tajiri wa Guayaquil na nikamwacha mpaka aamke. Matone yamekwisha.

Obdulia hana sababu ya kushuka tena. Leo alishuka. Akasema amekuja kuchukua shali. Shali alikuwa ameivaa.

30 Mei, Corpus Christi

Barabara imejaa meza za peremende na vitamu vya kila rangi. Usiku walichoma mnara wa kwanza wa fataki mbele ya kanisa kuu, na karakana yangu iko barabarani. Mote ameingia nyuma ya boila na mpaka naandika hivi hajatoka. Fataki hizi ni za wiki nzima.

31 Mei

Hajala. Amepiga chafya. Nimejiambia ni vumbi.

1 Juni

Siyo vumbi. Jicho la kushoto limefumba, linatoa machozi mazito. Pua imeziba. Dagaa hawanusi.

Ximena akasema alilolisema Februari: hofu imeuamsha. Dawa zile zile, tumerudi mwanzo, ila safari hii kidonda kikija kitakuja juu ya kovu na jicho halitastahimili. "Dawa peke yake haitoshi, Bi Delfina. Mtafutie pasiposikika kitu."

Mvua zimeisha, na yeye ni mgonjwa. Nilifungua kurasa za nyuma nikasoma nilichokiapa. Nikazifunga.

2 Juni

Jana usiku, fataki zilipoanza, nilikuwa nimeketi sakafuni karakanani, Mote ndani ya sweta yangu, moyo wake unapiga kwenye mbavu zangu. Kila mlio alijikunja zaidi. Nilijaribu bafuni, nikajaribu kabati la maumbo ya mbao. Mlio unafika kote. Katika nyumba hii kuna mahali pamoja tu usipofika, na ufunguo wake uko kwenye aproni ya mtu mwingine.

Nilisimama chini ya ngazi. Sikuwa na Leonidas wa kumtuma.

"Dada," nikaita.

Nikadhani atanijibu kwa maji.

"Lete huyo paka," akasema. Sauti haikutoka juu. Ilitoka nyuma ya ngazi, kwenye chumba cha mama, na mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Niliingia nikiwa nimejiandaa kuona mashuka ya mama, picha zake, labda mishumaa. Niliona kitanda kimetandikwa blanketi la Obdulia. Slipa za Obdulia. Redio yake, chupa ya dawa yake ya kikohozi, nguo zake zimekunjwa kwenye maboksi ya kofia. Cha mama kilikuwa msalaba ukutani na kiti. Na yule paka mama, mzazi wa Mote, amejikunja miguuni mwa kitanda, naye jicho moja linachuruzika.

"Unalala hapa?"

"Funga mlango, mlio unaingia."

Nilifunga. Kimya kikatua. Mote alitoa kichwa kwenye sweta.

"Tangu lini?"

"Mvua za mwaka juzi." Alikuwa ameshatandika shali mapajani na kunyoosha mikono. Nikampa. "Mpe dawa kwanza, maswali baadaye."

Tone moja. Akatulia.

Nilipanda juu. Sikuwa nimepanda huko tangu mazishi. Niliwasha taa, haikuwaka. Fataki moja ilipopasuka niliuona mwanga wake kupitia paa. Vigae vimeondoka juu ya kitanda chake cha zamani, mbao zimeoza, na sakafuni mabeseni yamepangwa kuanzia mlangoni mpaka dirishani. La buluu nililitambua. Ndilo lililomwagwa Karnivali.

Mimi ninayejua kofia ina mizunguko mingapi ya msuko kwa kuigusa tu. Nimehesabu kila kofia iliyolowa uani. Sikujiuliza hata siku moja mwanamke anayeishi peke yake anapata wapi maji ya kujaza mabeseni matatu, tena baada ya mvua tu.

Nilishuka.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema wewe. Kwa mwanasheria. Paa ni lako na lisinihusu." Hakuinua macho, alikuwa anafuta pua ya Mote kwa ncha ya shali. "Nilikusikia. Sikuwa kiziwi."

"Na ungekohoa mpaka lini?"

"Na wewe ungepiga mvuke mpaka lini? Mama alikuulizia siku mbili, Delfi. Nikamwambia kofia hazijakauka, zikikauka atakuja."

Hapo ndipo nilipoelewa alichoniuliza mlangoni siku ile ya jeneza. Nililia kidogo. Yeye alinipa upande mkavu wa shali, ambao haupo.

Nililala kwenye kiti cha mama. Alfajiri nilisikia mtu anakula. Mote alikuwa amepanda kwenye kisahani cha mama yake na kumsukuma kando.

4 Juni

Jicho limefunguka nusu. Kioo hakina kidonda kipya. Ximena anashauri paka wote wawili wakae humo humo, kwa kuwa kila mmoja anao ugonjwa tayari na hakuna wa kumwambukiza mwenzake. Kelele imebaki siku mbili.

7 Juni

Fataki zimekwisha. Kilo moja na gramu mia sita.

Nilinunua vigae. Obdulia akasema hataki sadaka, paa ni lake. Nikamwambia paa ni lake na vigae ni vyangu, nataka niviweke juu ya paa la mtu, anikodishe nafasi. Leonidas akauliza kama sasa amefukuzwa kazi ya usimu.

11 Juni

Leonidas yuko juu na mwanawe wa kwanza wanapiga mbao. Jana usiku mvua ndogo ya kuagia ilinyesha, ikavuja upande ambao hawajaufikia. Asubuhi nilikuwa uani nakusanya kofia, Mote ananifuata na jicho lake lenye wingu, akijigonga kwenye mguu wa meza upande asioona vizuri na kujifanya alikusudia.

Obdulia akatokea barazani juu na lile beseni la buluu. Akaliegemeza kwenye mbao, akachungulia.

"Delfi! Kofia zimekauka?"

Nikaitoa ya mwisho kwenye kamba, nikambeba Mote.

"Zimekauka, dada. Mwaga."